Pampu Iliyolala Kitandani

Harufu ya petroli na ya udongo uliolowa zikikutana puani, nacheka peke yangu.

Nyumba yetu ilikuwa ndogo, na bati lilivuja kila mahali isipokuwa juu ya kitanda cha baba na mama. Kwa hiyo mvua ikianza, pampu ya kumwagilia vitunguu ndiyo iliyolala pale, imefunikwa blanketi gubigubi. Injini ingeingia maji, vitunguu vya kiangazi vingekauka. Sisi watoto na mama tulibanana mkekani tukitafuna karanga, raha tupu.

Jioni moja bibi jirani, ambaye macho yake yalikuwa hafifu, alipiga hodi kuomba kaa la moto. Akaona blanketi limetuna.

“Mwanangu anaumwa na hamniambii?” Akapenyeza mkono ampime homa, akaruka nyuma. “Uwi! Amepoa!”

Mama alijiziba mdomo kwa khanga, kicheko kikamshinda. Kabla hajaeleza, baba akaingia kutoka zizini, maji yakimchuruzika.

“Shikamoo, mama.”

Bibi alimtazama yeye, kisha akatazama kitanda.

“Marahaba,” akasema taratibu. “Lakini huyu mwenzako mwongezeeni blanketi. Ana baridi kweli.”