Kibali cha Kusaga Fedha

Othmani Matano alizaliwa Iringa mjini, kwa watu waliopanda kutoka Kilwa kufuata biashara ya chumvi. Tulipomfahamu sisi alikuwa fundi redio wa mtaa wa Soweto, Mbeya, na sifa yake ilikuwa moja: hakurudisha redio kabla hajaielewa. Ukimpelekea iliyonyamaza, wiki ya tatu ungeikuta vipande vipande juu ya gazeti, naye akikueleza kwa furaha kwamba kosa alilikuta siku ya kwanza, ila alitaka kujua liliingiaje.

Mwaka 1977 mhandisi mmoja wa reli alimwachia mashine ya kuhesabia iliyokufa, ile aina inayoonyesha tarakimu nyekundu. Othmani akaipasua. Akakuta tarakimu zinawaka kwa chembe ndogo kuliko za chumvi, zisizo na waya wa kuungua ndani kama balbu. Zilikuwa za semikondakta, kitu kama jiwe kinachopitisha umeme shingo upande. Akaiunga moja kwenye betri. Ikawaka, lakini hafifu.

Nilikuwa nimetoka Chuo Kikuu mwaka huo, nikamweleza nilichosoma: kwamba punje za fedha, zikiwa ndogo mno kiasi cha kutoonekana hata kwa hadubini, zikikaa karibu na kitu kinachong'aa huweza kukiongezea mwanga, lakini zikikigusa kabisa, huumeza mwanga huo. Kesho yake aliazima kinu cha kusagia dawa. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba hakuna kinu duniani kinachofikia udogo huo. Na bado nasema: nchi inayotaka kujitegemea ina haja ya watu kama yeye kuliko ya mihuri.

Leseni ya karakana ilikuwa inakwisha, kwa hiyo nilimwandikia barua ya kwenda ofisi ya kata. "Pamoja na kutengeneza redio," niliandika, "naomba kibali cha kusaga fedha iwe vumbi, ili kuongeza mwanga." Niliipenda sana sentensi ile.

Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Karakana ifungwe mpaka kamati ya uchumi imhoji mwombaji. Kosa likithibitika, itafungwa moja kwa moja, naye atapelekwa kulima Usangu. Othmani, ambaye hata mchicha ulimshinda, aliusoma mstari huo mara nne.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa ndugu Saulo, Msafwa mpole aliyesoma kila kitu kilichoandikwa magazetini kuhusu wahujumu uchumi. Katibu, Paskalina, aliandika kila neno lililosemwa, na vikohozi pia.

"Ndugu Othmani, umesaga kiasi gani mpaka sasa?"

"Kidogo tu, ndugu Mwenyekiti. Kama kijiko cha chai."

"Noti au sarafu?"

Hapo ndipo tulipoliona shimo nililolichimba. Othmani akajieleza kwamba kwa watu wake wa pwani fedha ni madini kwanza, yale meupe ya bangili na mikufu. Saulo akamsikiliza mpaka mwisho.

"Fedha ina Wizara," akasema. "Kwa hiyo unatuambia ipo Wizara ya Bangili?"

Othmani akatoa shilingi mfukoni, akaibamiza mezani. "Hii hapa haina fedha hata chembe."

"Andika, dada Paskalina," Saulo akasema polepole. "Mtuhumiwa anadai pesa ya serikali haina pesa ndani." Nikasimama kueleza kwamba shilingi hutengenezwa kwa shaba na nikeli. Nikaambiwa nikae, na jina langu nalo likaandikwa.

Mlango ukafunguliwa akaingia Mwanahawa, mke wa Othmani. Hakuna aliyemwita. Akawaamkia wajumbe, akaweka mezani herini moja nyeupe, akasema amekuja kumshitaki mume wake. Pacha ya herini ile, aliyopewa na bibi yake, ilikuwa imesagwa.

"Aliniuliza kama nina fedha," alisema. "Nikamwambia ipo kwenye kikasha, achukue. Nilidhani anataka nauli."

Saulo akaiokota herini, akaigeuza huku na huku. "Hii ndiyo fedha?"

"Ndiyo."

"Haina kichwa cha mtu?"

"Haina."

Mwenyekiti akashusha pumzi ndefu. Akatangaza kwamba shauri limetoka kwenye uchumi, limeingia kwenye ndoa, na kwa hiyo mwenye kudhulumiwa ndiye atakayesema: karakana ifungwe, isifungwe? Othmani akatazama sakafu. Mwanahawa akamtazama yeye, kwa muda uliotosha Paskalina kunoa penseli.

"Mkiifunga, ndugu Mwenyekiti, hayo madude yote yatahamia jikoni kwangu. Nusu tayari yamo. Iacheni wazi."

Wakabishana saa nzima juu ya maneno ya kibali. Saulo alitaka serikali ilindwe, Mwanahawa akataka herini iliyobaki ilindwe, na Paskalina akayaunganisha matakwa yote mawili kwa mwandiko mzuri: "Othmani Matano anaruhusiwa kutengeneza redio na kusaga fedha, isipokuwa fedha." Wakagonga muhuri. Saa nane mchana karakana ilikuwa wazi.