Sentensi Niliyoifupisha

Mimi ni mtu wa Likoni, na Kiswahili changu sikukisoma, nilikinyonya kwa mama. Ndivyo nilivyozoea kujigamba nilipokuwa karani wa masjala katika hospitali ndogo ya huku kwetu, miaka michache kabla ya uhuru. Nilijigamba hasa mbele ya karani mwenzangu, Mrabai mmoja mpole aliyekisoma shuleni, ambaye sentensi zake zilikuwa ndefu na nzito, nami nilizicheka waziwazi.

Faili za wagonjwa zilikaa ghalani, ng'ambo ya ua. Kuifuata moja ilikuwa safari ya funguo, ngazi na vumbi, kwa hiyo wagonjwa wa kila siku tuliwawekea kadi katika sanduku la mbao pale dirishani. Daktari akiwa na neno jipya aliliandika kwenye kadi, nasi makarani tulilinakili kwenye faili baadaye, tulipopata nafasi. Kazi ilikwenda upesi, ila sanduku lilijaa hata ukashindwa kupenyeza kidole.

Mwenzangu akabuni utaratibu mpya, akauandika hivi: "Kila Jumamosi kadi zote zinakiliwe katika faili zake, na zikishanakiliwa zote, ndipo zitolewe sandukuni." Badiliko lolote la masjala lilikaguliwa na karani mwingine kabla ya kubandikwa ukutani, na mkaguzi nilikuwa mimi. Nilichukua kalamu nyekundu nikafyeka. Nikabakisha: "Kila Jumamosi kadi zitolewe sandukuni."

"Na kule kunakili, kaka?" akaniuliza.

"Nani asiyejua? Limo mumo humo. Kiswahili hakitaki maneno mengi, bwana."

Nilitia sahihi, na wallahi nilijiona bingwa.

Wiki ile ile yeye alihamishiwa Changamwe. Jumamosi ilipofika nami nilikuwa nimeomba ruhusa, niko Kisauni harusini, nala biriani. Mhudumu akasoma tangazo ukutani, akazitoa kadi, na kwa kuwa karatasi zikitolewa pale huwa ni za kuchomwa, akazitia shimoni pamoja na bendeji chafu akazichoma. Sina la kumlaumu. Alifanya nilivyoandika.

Jumatatu akaja dirishani bibi aliyenifundisha Kurani utotoni. Hata siku hizo alikuwa bado akifundisha barazani kwake. Watoto ishirini wakisoma kwa pamoja, kila mmoja na sura yake, naye macho ameyafumba, humkamata yule mmoja aliyeteleza herufi. Alikuwa akitibiwa kifua kikuu, kila siku sindano.

"Mwanangu," akaniambia, "yule daktari wa kwanza alinambia niiwate sindano, maana masikio yavuma. Ijumaa hiyo, na aliandika. Sasa yuko likizo kwao Ulaya, na huyu mpya asema niendelee. Hebu nitazamie."

Nilikwenda ghalani mbio. Faili ilisema sindano kila siku. Hapakuwa na neno la masikio, wala la kuacha. Nilisimama mle vumbini nikakumbuka kwamba Ijumaa niliiona kadi yake ina mwandiko mpya, nikasema moyoni nitaunakili Jumatatu. Sikuusoma hata.

Nilirudi dirishani. Ningeweza kusema kweli pale pale. Lakini daktari mpya alikuwa mkali, amekwisha kumfukuza mpishi kwa kosa la chumvi, nami nilikuwa na mke na mama mzazi. Nikafungua mdomo, likatoka hili: "Mwalimu, faili ndiyo inayosema."

"Haya, mwanangu. Kama faili yasema," akajibu, akaenda kudungwa.

Mchana wenzangu walipokwenda kula nilipiga magoti kwenye shimo la takataka nikachakura majivu kwa mikono. Nilipata pembe tatu nne za kadi, nyeusi, hazina hata herufi. Nikachakura tena siku ya pili, ingawa nilijua hakuna kitu. Nilikuwa kama mwendawazimu. Kila asubuhi alipita mbele yangu kwenda chumba cha sindano, na kila asubuhi nilijiambia leo nitasema. Siku ya tatu nilimwita, akanipita bila kugeuka.

Siku ya tano nilisema. Daktari alisimamisha sindano papo hapo, akanitukana matusi ambayo sikuyajua yote, kisha hakunifukuza. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa nimenyamaza bure.

Ilipita miezi kabla sijathubutu kwenda kwake. Barazani palikuwa kimya, watoto wamepelekwa kwa mwalimu mwingine mtaa wa pili. Alikuwa peke yake, anasuka ukili. Nikaketi mkekani miguuni pake, nikayasema yote kwa sauti ya chini: tangazo, kalamu nyekundu, harusi, kadi, siku tano. Machozi yalinitoka. Nilipomaliza niliinua uso, nikamwona ananitazama kwa upole, mkono ameuweka nyuma ya sikio.

"Sema kwa nguvu, mwanangu," akaniambia. "Sikupata hata moja."

Njiani watu walikuwa wakipita. Majirani wawili walikuwa wamesimama uani, wametugeukia. Nilivuta pumzi nikapaza sauti kadiri ya uwezo wangu.

"Nasema shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu," akajibu, akarudia ukili wake.