Baba Aliyekufa Mara Tatu Katika Filamu Moja

"Huyu anayekufa hapa, si baba yako?"

Aliyeniuliza alikuwa msichana tuliyesoma naye chuo kikuu, ambaye kaka yake alikuwa anataka kumwoa dada yangu mkubwa. Tulikuwa tumesimama mbele ya kibanda kimoja cha mtaa wa Hai Mauna, hapa Juba, pale ambapo unampa mtu simu yako akujazie filamu kwenye memori. Alikuwa amejaziwa za kung fu kwa sababu kwao wote wanazipenda, na sasa alikuwa anakagua kama zinacheza. Kwenye kioo, mwanamume mrefu mwenye shati jeusi alipigwa teke la kifua na kijana mfupi. Akaruka nyuma, akabiringika kwenye vumbi la machimbo ya mawe, akanyoosha mkono juu kama mtu anayesimamisha gari, akafa.

Nilisema jua limekuwa kali, twende.

Alikuwa baba yangu. Tulipokuwa wakimbizi Kitale, kulikuwa na mpiga picha za harusi ambaye harusi zikikosekana alitengeneza filamu za ngumi. Watu wema aliwatafuta kwenye klabu ya karate ya mjini. Watu wabaya alitaka wawe warefu na weusi tii, wenye sura ambazo mtazamaji angeziogopa bila kuelezwa chochote. Maana yake ni kwamba alitutafuta sisi wa Sudan Kusini. Baba hakuwa na kazi ya kudumu wakati huo, akaitwa, akaenda. Katika filamu ile anakufa mara tatu: machimboni akiwa na shati jeusi, sokoni akiwa na kofia, halafu mlangoni kwa mkuu wa majambazi akiwa na ndevu za kubandika. Mtazamaji hakutakiwa kugundua kwamba ni yule yule. Sisi watoto tuligundua, na kila alipokufa tulipiga makofi.

Kisha tukarudi Juba, nikakua, nikaingia chuo, nikajifunza kuona aibu.

Mimi ni mtu wa kuuliza maswali, na filamu za ngumi hazistahimili maswali. Kwa nini maadui wote wanamzunguka mtu mmoja halafu wanamwendea mmoja mmoja, kama watu waliopanga foleni ya maji? Kwa nini mwalimu mwenye ndevu nyeupe lazima auawe ndipo mwanafunzi wake apate akili? Huyo shujaa anafanya kazi gani, na nani anamfulia zile nguo? Na wale waliolala chini, nani anakuja kuwachukua? Hapa kwetu kila marehemu ana watu wake. Turubai linafungwa, viti vinakodiwa, chai inapikwa siku nyingi. Kwenye filamu shujaa anawaruka tu, anakwenda zake, na hakuna anayelia isipokuwa kwa ajili ya yule mwalimu.

Baba alinisikiliza nikisema hayo mara nyingi, naye alikuwa na kipimo chake kimoja tu. Alitazama wanaoanguka. Alisema anayepiga anarusha mguu hewani, basi, na anayepigwa ndiye anayekufanya uamini. Filamu yenye shujaa hodari na maadui wavivu aliizima katikati. Nilimwambia hayo ni maoni ya mtu anayetetea kazi yake ya zamani. Alicheka, akasema ni kweli, na hiyo haiyafanyi yawe ya uongo.

Kwa hiyo siku ile nilipoachana na yule msichana sikwenda nyumbani, nilikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya baba. Wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi. Walikaa mtaa wa Lemon Gaba, na mkubwa wao alikuwa baba mdogo wa bwana harusi, aliyemlea baada ya baba yake kufariki. Mzee yule alijulikana kwa kuvunja mambo. Alikuwa ameshavunja uchumba wa kijana mwingine wa ukoo wao kwa sababu baba wa msichana alifika kwenye mazungumzo akinuka pombe. Dada yangu alikuwa amengoja miaka hadi watu hawa wakubali kuja. Nilijua kwamba simu ile ikimfikia mzee, atatuita wachekeshaji, atanyanyuka na watu wake, na dada atabaki na vyombo vyake vipya ndani ya sanduku.

Baba anatengeneza milango ya chuma. Alizima mashine, akainua kinyago cha kuchomelea, nikamweleza. Nilikuwa nimeandaa jibu njiani: aseme ni mtu anayefanana naye. Picha ni mbaya, ni ya zamani, nani atathibitisha?

"Ni pale machimboni?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Kwani nilikufa vibaya?"

"Baba, wakwe wataiona."

"Waione. Ile ya machimboni ilikuwa na haraka, jua lilikuwa linatukimbia. Ya tatu ndiyo nzuri. Hukumwonyesha ya tatu?"

Nilimwambia hakuna anayeuliza ipi ni nzuri. Nilimkumbusha kwamba yeye ni mzee wa kanisa. Nilimwambia, kwa sauti ambayo nisingependa mtu mwingine aisikie, kwamba watu hawaoi katika nyumba ya mtu anayepigwa ili watu wacheke. Akasema kikao kitafunguliwa kwa sala, na yeye hawezi kusali halafu akasema uso wake si wake. Akashusha kinyago.

Jumamosi wageni waliketi chini ya rakuba, kile kivuli cha nguzo na nyasi tulichokipanua kwa ajili yao. Msemaji wetu alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba, maana kwenye kikao cha namna hii baba wa binti hukaa kimya na kusemewa. Mimi nilikuwa miongoni mwa wanaopitisha glasi za karkade, kile kinywaji chekundu cha maua, na kutoka upande wa jiko niliona kila kitu. Sala ilipokwisha, yule mzee wa Lemon Gaba akainua mkono. Alisema kabla ya kufika kwenye ng'ombe wa mahari kuna jambo dogo. Akatoa simu kwenye mfuko wa koti. Nilikitambua kifuniko chake cha maua. Ilikuwa ya yule msichana.

Simu ilianza kwa baba mkubwa, ambaye alilazimika kwanza kutafutiwa miwani, kisha ikapita mkono kwa mkono. Sauti ya ngumi ilitoka ndogo, ta, ta, ta, kama mtu anayevunja kuni mbali. Hakuna aliyecheka. Kila mtu alikuwa anautazama uso wa mzee ili ajue la kufanya.

"Mzee mwenzangu," alimwambia baba, "kuna mtu humu ndani anafanana na wewe."

Niliomba kimoyomoyo aseme ndiyo, anafanana.

"Hafanani," baba alisema. "Ni mimi."

"Huyu anayepigwa?"

"Huyo huyo."

"Na huyu mfupi anayekupiga?"

"Ni kinyozi. Mtu mzuri sana, alikuwa anatunyoa bure."

Vicheko vichache vilichoponyoka upande wa vijana. Mzee hakucheka. Alieleza kwamba nyumbani kwake wamebishana juu ya jambo hili tangu simu ilipoingia. Wengine wanasema mtu anaanguka kweli, yeye anasema ni kamera, kwa kuwa hakuna mtu mzima anayeweza kujitupa chini hivyo kwa hiari yake. Kama ni kamera, angependa kusikia. Kama si kamera, angependa kuona.

Kwetu upande unaokuja kuomba una ruhusa ya kuwachokoza wenyeji kidogo, na wenyeji wana ruhusa ya kuwatoza faini kwa uchokozi huo. Baba mkubwa alikuwa ameshaanza kusema kwamba hilo ni neno la mbuzi mzima. Lakini hakuna aliyekuwa na uhakika kama mzee anatania, na baba alikuwa ameshasimama. Alivua koti, akalikunja, akampa mama. Akavua saa. Dada yangu alikuwa mlangoni pa nyumba na kitambaa chake kipya kichwani, ameziba mdomo kwa kiganja.

"Nani atanipiga?" baba aliuliza.

Hapo pakawa na tatizo. Macho yote yalimwendea bwana harusi, naye akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa nguzo, maana mtu ambaye hawezi hata kumwinulia sauti baba mkwe hawezi kumwinulia mguu. Wa kwetu tusingefaa, ingeonekana tumepanga. Mwishowe mzee mwenyewe akampa jirani yake simu, akatoka kivulini na viatu vyake vya kung'aa. Baba alimwelekeza taratibu kama mtu anayemfundisha mgeni kufungua mlango: simama hapa, inua mguu hadi hapa, usiniguse, yaliyobaki ni yangu.

Mzee aliinua mguu. Ulifika urefu wa kigoda. Baba akaruka.

Miguu yake iliachana na ardhi, mwili ukageuka ubavu, akashuka na urefu wake wote juu ya uwanja tuliokuwa tumeufagia asubuhi, ambao miezi ile isiyo na mvua ni mgumu kama saruji. Vumbi likapanda. Mkono wake ukainuka, ukatafuta kitu juu, vidole vikafunguka, ukaanguka.

Wa kwanza kucheka alikuwa mzee. Alicheka hadi akashika kiti. Kisha wote wakacheka, na wanawake wakapiga vigelegele kana kwamba ng'ombe wameshakubaliwa. Mmoja wa vijana akaomba arudie. Baba, akiwa bado chini, alitikisa kidole: hapana. Aliendelea kulala pale. Nilidhani anainogesha, anawapa watu thamani ya safari yao kutoka Lemon Gaba, na hapo ndipo aibu iliponishika. Shati lake la Jumapili lilikuwa kahawia. Soksi moja ilionekana ina tundu. Nilisema moyoni, amka, imetosha, amka. Nilipotazama ng'ambo ya uwanja, yule msichana alikuwa anarekodi kwa simu ya mtu. Niliingia jikoni nikaanza kuosha glasi ambazo zilikuwa safi.

Kutoka huko nilimsikia mzee akirudi kwenye kiti chake. "Kalas, basi," alisema. "Si kamera. Sasa tuongee ng'ombe."

Mazungumzo yalikwenda hadi jua lilipoinama, yakaisha vizuri. Dada aliolewa kabla ya mvua. Mzee wa Lemon Gaba akawa rafiki wa baba, akawa anamletea filamu, na wanazibishania hadi leo. Mzee anampenda shujaa, baba anawahesabu maadui wavivu.

Mimi ndiye niliyebaki uwanjani. Ile rekodi ilizunguka Mauna yote. Watoto wa mtaa wakimwona baba walijiangusha kwenye vumbi, mikono juu, na yeye aliwapa alama. Chuoni waliniuliza kama mzee ameshafufuka. Nilicheka nao, kisha nikapita njia ndefu kurudi nyumbani ili nisikutane na wengine. Harusini nilikaa mbali na meza yake. Hata namna alivyokaa siku zile iliniudhi, wima kwenye kiti bila kuegemea, akijibu kwa kifupi, kama mtu mashuhuri aliyechoshwa na watu.

Siku moja nilimuuliza kwa nini hakukataa. Angeweza kucheka tu na kusema mifupa imezeeka, kila mtu angemwelewa, na heshima yake ingebaki palepale.

"Mtu aliniuliza swali," alisema. "Si wewe ndiye unayependa maswali?"

Nilimwambia kuna maswali ya kujibiwa kwa mdomo. Akasema kwa mdomo mzee asingeamini, angebaki na kamera yake kichwani, na kila neno ambalo baba mkubwa angelisema baada ya hapo angelipima kwa kamera ile. Nilimwona mkaidi. Sikuona kwamba alikuwa anamzungumzia dada.

Dada sasa ana watoto watatu. Mwaka huu baba alipata kikohozi kisichoisha, tukampeleka kupigwa picha ya kifua, mimi na mama. Daktari aliinua picha dirishani, akasema mapafu ni mazuri, kisha akauliza mzee alipata ajali lini. Baba akasema hajawahi kupata ajali. Daktari akaonyesha kwa kalamu. Baba aliitazama ile picha kwa makini, akauliza kama anaruhusiwa kwenda nayo nyumbani. Tulipotoka nje na baba akatangulia kutafuta boda, ndipo mama aliponieleza.

Mbavu mbili za kushoto zilivunjika siku ile kwenye uwanja wetu, zikaunga zenyewe zikiwa zimepinda kidogo, na hadi mvua zilipoanza mama alikuwa akimfunga kifua kwa kitenge kila alfajiri, kabla sisi wengine hatujaamka.