Sita Nukta Mbili

Kwa miaka ishirini na sita, mwanamke mmoja mshonaji alipanda kilima kila asubuhi kwenda kupima mvua. Juu ya kilima kulikuwa na tangi la maji la zege, na kando yake, ndani ya uzio wa waya, kopo la shaba lenye mdomo wa faneli. Ikifika saa tatu kamili alifungua kopo, akayamimina maji kwenye bilauri nyembamba yenye mistari, akainama mpaka jicho likalingana na maji, kisha akaandika daftarini. Kila mwisho wa mwezi alipeleka karatasi yake ofisi ya hali ya hewa.

Akishuka, watu walimwuliza jana imenyesha ngapi. Naye hakujibu kwamba imenyesha sana au kidogo. Alijibu, "Milimita nne." Basi jina alilopewa na wazazi likasahaulika, akabaki Mama Milimita.

Alikuwa mtu wa kuaminiwa. Gauni alilokushonea likikubana kwapani, mtaa mzima ungekuambia umenenepa. Mama Milimita hakosei vipimo. Na yeye, kila alipousikia utani huo, alicheka pamoja na wenzake, lakini kicheko chake kilikuwa cha meno tu.

Sababu ilikuwa hii. Katika mwaka wake wa kumi na tano wa kazi, mama yake mzazi, aliyekaa ng'ambo ya bonde, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Mama Milimita akahamia kwake. Akawa wa kumgeuza, wa kumwogesha, wa kumlisha uji kijiko kwa kijiko. Mwezi ulipokwisha, karatasi ya mvua ilikuwa na siku ishirini na moja tupu. Akaona haya kuipeleka na mapengo kama mdomo wa kizee. Akachukua daftari la miaka mitatu nyuma, akanakili, akisogeza tarehe siku mbili mbele, akipunguza nukta hapa na kuongeza pale. Karani wa ofisini aliipokea, akamsifu kwa mwandiko mzuri.

Mpaka hapo mtu angeweza kumwombea msamaha. Lakini mgonjwa alianza kutembea kwa mkongojo, na wiki ya nne akamwambia bintiye, "Rudi kwako, mwanangu. Nimechoka kutazamwa kama maziwa jikoni." Akarudi. Akakuta oda ya sare za shule inamsubiri mlangoni, na miguu imekwisha kuzoea kutokipanda kilima. Akajiambia ataanza Jumatatu. Jumatatu ikaja, ikapita, ikafuatwa na nyingine. Wiki tatu za mwanzo zilikuwa za mama. Miezi mitano iliyofuata ilikuwa yake mwenyewe.

Tena alizidi kuwa hodari. Mwezi ukianza tu alikaa mezani na chai yake, akaujaza mwezi mzima kwa wino, mvua ambazo hazijanyesha bado.

Ndipo siku moja mbingu zikafunguka. Ilinyesha tangu alfajiri hadi alasiri bila kupumua, maji yakashuka barabarani na masufuria ya watu na milango ya vibanda. Mama Milimita alisimama dirishani, akarudi mezani, akafungua daftari. Mstari wa siku ile ulikuwa umekwisha kuandikwa: sita nukta mbili. Kufuta kulikatazwa. Na hata angepanda kilimani, kopo lilikuwa na maji ya wiki chungu nzima, nani angejua ya leo ni yapi? Akafunga daftari.

Kiangazi kilipoingia alipanda hatimaye. Kopo lilikuwa limejaa pomoni, majani yameoza ndani yake na mjusi amekufa akielea. Akatazama kulia na kushoto, akamwaga msimu mzima nyuma ya tangi.

Tangu siku hiyo hakukosa tena hata asubuhi moja. Alipanda na homa. Alipanda siku ya kumzika mumewe, akiwa na kanga ya msiba mabegani, waombolezaji wakamsubiri chini. Watu walisema, "Huyo ndiye mtu wa kazi." Ilikuwa toba, lakini toba ya miguu tu. Mdomo haukuwemo.

Miaka mitano baadaye alikuja mhandisi wa barabara. Barabara ya sokoni ilikuwa inawekwa lami, na penye bonde palihitaji kalvati, yaani bomba la zege la kupitishia maji chini ya barabara. Alitaka kujua mvua kubwa kuliko zote iliyowahi kunyesha kwa siku moja, ajue bomba liwe pana kiasi gani.

"Hapa naona sabini na moja," mhandisi akasema, kidole kikishuka kwenye kurasa. "Hakuna iliyozidi hiyo, mama?"

Tusimwonee, wala tusimtetee: alikumbuka. Aliiona siku ile, na milango ya vibanda ikielea. Akasema, "Kama haimo humo, haimo." Akamwongezea chai.

Bomba likawekwa moja, la kadiri. Chini yake kidogo, mahali penye kivuli na nafasi ya mbao, palikuwa na karakana ya shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi seremala. Huyu ndiye aliyemtengenezea meza ya cherehani, na alipofiwa ndiye aliyekuja kila Jumapili kuuliza, "Shemeji, nini kimevunjika wiki hii?" Kama hakuna kilichovunjika, alikaza misumari isiyolegea.

Bomba lilitosha miaka sita. Mwaka wa saba ikaja mvua ambayo Mama Milimita aliipima akiijaza bilauri na kuimwaga na kuijaza tena: mia moja thelathini na nane. Alipokuwa bado kilimani, maji yalikuwa yameshindwa kupita kwenye bomba, yakajikusanya nyuma ya barabara kama bwawa, kisha yakairuka. Yalichukua mbao, yakachukua vitanda vinne vilivyokuwa vinangoja wenyewe, na ukuta wa karakana ukamwangukia fundi mkono wa kulia.

Mama Milimita alimkuta wodini, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Daktari alikuwa amekwisha kusema kwamba vidole viwili havitakunjika tena.

"Usilie, shemeji," fundi akamwambia. "Hii ni kazi ya Mungu. Nani angejua?"

Alitoka wodini akaegemea ukuta wa veranda. Nani angejua. Maneno hayo alirudi nayo nyumbani, akala nayo, akashona nayo, na mshono wa siku hiyo ulikwenda upogo mpaka ikabidi aufumue.

Miezi michache baadaye mtafiti akaja, dada wa makamo mwenye viatu vya kupandia milima na sauti ya upole, anayechunguza jinsi mvua zinavyobadilika. Alikuwa amesoma daftari lote la Mama Milimita, ukurasa kwa ukurasa, na alipokutana naye alimshika mikono miwili. "Mama, miaka ishirini na sita bila pengo! Unajua ni vituo vingapi vina kitu kama hiki?" Mama Milimita akatazama chini, na yule dada akadhani ni unyenyekevu.

Mtafiti aliita mkutano katika darasa la shule, watu wakajibana kwenye madawati ya watoto. Akaeleza kuwa joto la dunia linabadilisha mvua, na kwamba hapa kwao mvua kama ile ya majuzi haikuwahi kuandikwa hata mara moja tangu daftari lianze.

Mwanamke mmoja mzee akanyoosha mkono. Alikuwa mwenye kinu cha kusaga nafaka, unga haumtoki kwenye nyusi hata akienda harusini, na wote walimwita Bibi Kinu.

"Mwanangu, umesema vizuri," alisema. "Lakini mvua hii mimi nimeiona kabla. Maji yalifika ngazi ya tatu ya kinu changu. Ilikuwa siku ileile aliponifungia mota mpya fundi wa mashine, akaandika tarehe ukutani kwa rangi. Nenda uione."

Akaitaja tarehe. Mtafiti akapekua karatasi zake, akainua uso kwa huruma. "Bibi, kumbukumbu zetu sote huchanganya miaka. Siku hiyo imeandikwa hapa, milimita sita nukta mbili. Hiyo hailowanishi hata ngazi ya kwanza."

"Labda ni mtungi wa bibi ulipasuka!" mtu wa nyuma akapaza sauti, na darasa zima likaangua kicheko, hata waliokumbuka mafuriko, maana daftari la Mama Milimita halikosei.

Bibi Kinu hakucheka. Alizungusha macho mpaka yakampata aliyemtafuta. "Mwulizeni Mama Milimita. Yeye alikuwepo."

Vichwa vyote vikageuka. Mama Milimita alihisi ulimi umekuwa mzito kama kitambaa kilicholowa. Angeweza kusema. Palikuwa na nafasi ya neno moja tu, nalo lilikuwa jepesi: ndiyo.

"Daftari ndilo linalojua," akasema.

Bibi Kinu akaketi taratibu, akaanza kujipangusa unga kwenye nyusi, kana kwamba ni unga uliomfanya achekwe.

Siku mbili Mama Milimita hakugusa cherehani. Siku ya tatu alikwenda kinuni, akijidanganya kuwa anahitaji unga. Bibi Kinu hakuwepo. Lakini ukuta ulikuwepo, na tarehe kwa rangi nyekundu, herufi zimechuruzika kidogo. Alisimama mbele yake mpaka msagaji akamwuliza kama anaumwa.

"Ndiyo," akajibu, akaondoka bila unga.

Kesho yake mtafiti alipanda naye kilimani kuona kopo. Saa tatu ikafika. Hakukuwa na mvua. Mama Milimita akaandika sifuri, akafunga kalamu, kisha akasema yote: mama yake, sare za shule, mwezi uliojazwa kabla haujaja, mjusi. Hakumtazama mtafiti hata mara moja. Alikuwa akiliambia kopo.

Mtafiti akakaa juu ya jiwe. Swali lake la kwanza lilikuwa la kazi: "Miezi mingapi?"

"Sita, ukiweka na ule wa mama."

"Kituo cha jirani kilikuwa na tarakimu kubwa siku ile. Niliiona. Nikasema ni mvua ya kwao tu, maana kwa huyu mama hakukosewi." Upole ukamtoka sautini. "Nimemwaibisha mzee wa watu mbele ya watu, mama, kwa kalamu yako. Kwa nini hukuacha mistari mitupu? Mitupu ningeielewa."

Mama Milimita akafunga daftari. Kisha akauliza, kwa tumaini dogo la aibu, "Kwa hiyo uliyosema kuhusu mvua kubadilika si kweli?"

"Ingekuwa afadhali. Nilisema mvua ya namna hii imekuja mara moja katika miaka ishirini na sita. Sasa ni mara mbili, na zote mbili ndani ya miaka kumi na miwili hii ya mwisho. Vituo vingine navyo vinasema hivyohivyo. Ukweli wako ni mbaya kuliko uongo wako."

Mtafiti angeweza kuyamaliza kwa barua. Mama Milimita ndiye aliyeomba watu waitwe tena. Katika darasa lilelile alisimama mbele ya ubao akasema kwamba Bibi Kinu hakuchanganyikiwa, kwamba mvua ile ilinyesha, na kwamba aliyeiandika sita hakuwa kilimani. Hapana aliyecheka. Alipomwendea Bibi Kinu na kupiga goti, mzee alimwinua kwa kiwiko.

"Siku zote hizi nimekuwa nikijipima akili," alisema. "Kila nikikosea kuhesabu magunia najiambia, basi ndiyo hayo yameanza." Hakusema amemsamehe, wala hakusema hajamsamehe.

Iliyobaki ilikuwa karakana. Shemeji alikuwa hakuja mkutanoni. Alimkuta akijifunza kupiga randa kwa mkono wa kushoto, maranda yakitoka mafupimafupi, yamekatikakatika. Alimsikiliza bila kuacha kazi. Mwishoni akauliza jambo moja.

"Mhandisi alipokuja na kukuuliza. Ulikuwa umesahau, au ulikumbuka?"

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi katika swali lile. Angesema amesahau, shemeji angeamini, maana alitaka kuamini.

"Nilikumbuka."

Fundi akaiweka randa chini. "Shemeji, nenda nyumbani," akasema. Si kwa ukali. Kwa uchovu.

Ofisi ya hali ya hewa iliifuta miezi ile sita, ikabaki mistari mitupu kwenye daftari, na kazi ikapewa mwalimu wa jiografia. Mama Milimita alimfundisha wiki mbili jinsi ya kuinama mpaka jicho lilingane na maji, kisha akamkabidhi bilauri. Kalvati ilifukuliwa, zikawekwa mbili pana. Mtafiti aliandika ripoti yake upya, na ndani yake alimtaja Bibi Kinu kwa jina kamili na tarehe ya ukutani. Jina la Mama Milimita halikufutika midomoni mwa watu, na hakuna aliyelitumia kwa kumkejeli. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Kila aliyemwita alikuwa anamwita kwa kitu alichokivunja.

Jumapili zikapita bila mtu kuja kukaza misumari. Mwezi wa nane, mke wa shemeji alisimama mlangoni na kipande cha turubai nene.

"Anataka aproni ya kazi," alisema. "Vipimo unavijua."

"Ninavijua."

Mke wa shemeji alikwisha kugeuka kwenda zake, akakumbuka jambo, akasimama. "Amesema mfuko wa penseli wa kifuani uwe upande wa kulia. Anatumia mkono wa kushoto sasa, ndio unaofika huko."

Mama Milimita aliikata turubai siku hiyohiyo. Mfuko aliushona, akaupima, akaufumua, akaushona tena. Kesho yake aproni ikachukuliwa. Salamu haikuja na turubai wala haikuondoka na aproni, na hakuthubutu kuiulizia.