Maji ya Kunde ya Pili

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio, si brashi. Saluni ilikuwa nyuma ya soko la Mpanda, chumba kimoja chenye kioo kilichopasuka pembeni, na mwenyewe tulimwita Madamu. Nilifagia nywele hadi adhuhuri. Mgongo ulianza kuuma siku hiyohiyo, na mpaka leo haujatangaza kuacha.

Mchana Madamu akaniita mezani. Alikuwa na chupa tano za fondesheni, ile rangi ya majimaji inayotangulia usoni kabla ya poda na mengine yote, kama msingi unavyotangulia ukuta. Nikazihesabu. Nikazihesabu tena, maana mtu akikukabidhi kitu cha kioo siku ya kwanza, kesho anaweza kukumbuka kwamba zilikuwa sita.

"Hizi ndizo ngozi zote za Mpanda," akasema. "Sasa kasimame mlangoni uwaulize wanaopita wao ni rangi gani."

Nilidhani ananitania, lakini ufagio ulikuwa umenichosha, nikaenda. Nikamuuliza muuza dagaa. Nikamuuliza mwalimu mmoja aliyekuwa anakimbilia kipindi. Nikamuuliza mama wa Kifipa mwenye beseni la mahindi kichwani. Mmoja alikuwa mweupe kama ndani ya muhogo, mwingine mweusi wa chungu kilichozoea moto. Wote walinijibu neno moja: maji ya kunde.

Nikarudi kutoa ripoti. Madamu hakucheka.

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo," akasema. "Hapa hakuna anayekubali kuwa mweusi, na mweupe anaogopa kuambiwa amejichubua. Wote wamejificha kwenye kunde. Mteja akikwambia maji ya kunde, wewe jiulize: ya kwanza au ya pili?"

Aliyepika kunde anajua. Maji ya kwanza unayamwaga yakiwa yamepata rangi kidogo tu. Ya pili yanakaa na kunde mpaka ziive, nayo yanakolea. Kati ya hayo mawili kuna rangi nyingi kuliko chupa alizokuwa nazo Madamu, kwa hiyo tulichanganya kwenye kisahani, tone la hii na tone la ile, kama wapishi.

Nilijifunza kwake mambo ambayo leo vijana mnayatafuta kwenye simu. Usijaribu rangi mgongoni mwa kiganja. Mkono umekula jua na sabuni kuliko uso. Paka mstari mdogo kwenye taya, pale uso unapokabidhiana na shingo, halafu mtoe mteja nje, kwenye mwanga wa Mungu. Taa ya saluni ni mwongo aliyeajiriwa. Mstari ukipotea, umepata. Ukibaki unaonekana, rudisha chupa hata kama mteja ameipenda. Na usifanye haraka, maana fondesheni ikikauka hugeuka, inakolea kidogo. Mwenye ngozi ya mafuta mpe isiyo na mafuta, na ngozi kavu ya kiangazi chetu cha vumbi ianze kwa losheni, la sivyo rangi itapasuka kama jaruba la mpunga lililokauka. Ukipaka nyeupe kwenye ngozi nyeusi hupati mweupe. Unapata majivu.

"Usoni watu wanadanganya," Madamu alikuwa akisema. "Iulize shingo."

Kutoka hapo nilihamia duka la vipodozi karibu na stesheni. Mwenye duka tulimwita Tajiri, ingawa alivaa kandambili za rangi mbili tofauti. Mzigo ukishuka kwenye treni alinunua chupa zilizobaki kwa wenzake, na zilizobaki siku zote ni zile nyeupe. Nikamwambia hizi hazina ngozi hapa. Akasema, "Wewe uza, ngozi watatafuta wenyewe." Na kweli walizitafuta, kwa krimu za kuchubua. Nilisimama kwenye kaunta ile miaka mingi nikiwaona wanaingia na uso mmoja na kurudi na mwingine, wenye mabaka, wanaolia jua likiwagusa. Nilichoka kwa namna ambayo kulala hakusaidii. Nikamuaga Tajiri, nikaanza kupamba mabibi harusi kwa mkoba wangu mwenyewe.

Ndipo nikaitwa kijiji cha Kakese, kwa familia ya Kisukuma iliyokuja na ng'ombe wake miaka mingi nyuma. Bibi harusi alikuwa Kabula. Mchumba wake, Masanja, alikuwa machimboni mwaka mzima, na mwaka huo wote shangazi mtu, ambaye nyumba nzima ilimwita Sengi kwa Kisukuma chao, alikuwa akimpaka binti krimu ili harusi ikute mtu mweupe. Uso ulikuwa umefika mbali. Shingo na mikono vilikuwa vimebaki nyumbani.

Sengi alinipa maagizo akiwa amesimama. Nifuate uso, kisha nipake shingo, mikono na miguu, vyote vifanane na uso. Akatoka kuangalia sufuria.

Alipotoka tu Kabula akanishika mkono. Jioni ile ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti, kulikuwa na mchezo, nanyi mnaujua: wasichana wanaolingana umbo wanakalishwa mstari mmoja, wanafunikwa vitenge kuanzia kichwani, vinabaki viganja juu ya mapaja. Bwana harusi anamtafuta wake. Akikosea anatozwa faini na anachekwa, ila faini haikuwa inamsumbua Kabula.

"Mama, nikipakwa mikono hii atanipita," aliniambia taratibu. "Akinipita na mimi nipo, nitakuwa nimeolewa na nani?"

Nikauvuta mkoba wangu.

Sengi aliporudi nikatoa chupa nyeusi kuliko zote nilizokuwa nazo, nikaifungua.

"Hiyo ya nani? Ya marehemu?" akauliza.

Nikaguna kama mtu aliyeshindwa, nikapanda chupa moja. Akakataa, akachukua nyeupe kuliko zote. Nikasema hiyo sawa, ila kwenye picha bibi harusi atatoka kama aliyeangukiwa na unga. Akashusha moja. Nikapanda moja. Tukabishana hivyo mpaka chai ikapoa, yeye akishuka, mimi nikipanda, na tulipokutana katikati alikunjua uso kwa ushindi. Chupa tuliyofikia ilikuwa ile niliyoiona kwenye shingo ya Kabula tangu naingia mlangoni. Muuza nyanya yeyote anajua: bei unayoitaka huianzii.

Ikabaki mikono. Nikamuuliza Sengi kitenge cha kumfunika binti ni cha nani. Akasema chake, kipya, hakijaguswa na maji. Nikasema ni kizuri sana, na kwamba fondesheni ya mikononi ikiingia kwenye kitambaa haitoki hata ukichemsha.

"Mikono iache," akasema Sengi.

Jioni Masanja aliletwa mbele ya mstari. Wanawake walikuwa wamejipanga kumsumbua. Mmoja akamuuliza kama wamletee miwani, mwingine akasema huko machimboni walimzoesha kutafuta kwa tochi. Alipita wa kwanza. Alipita wa pili. Kwa Kabula alipita pia, hatua nzima, nikasikia watu wanavuta pumzi. Kisha akarudi, akachuchumaa, akaangalia viganja vile vya kupandikiza mpunga.

"Huyu," akasema.

"Hakuna kurudisha," Sengi akamwonya.

"Sirudishi. Mkono naujua."

Kitenge kikaondolewa. Uso na shingo vilikuwa rangi moja. Masanja akasema, "Niliambiwa umekuwa mzungu." Kabula akacheka kicheko kizima, na fondesheni haikupasuka.

Baada ya hapo nilipamba wengi, huko Magamba na kwingine, kwa baiskeli, baadaye kwa bodaboda iliyonimalizia mgongo. Sasa wasichana wanakuja na picha ya simu iliyokwisha kusafishwa, wananiambia niwatoe hivyo. Ningeweza kubishana nao. Kilichonisimamisha ni macho. Daktari amesema ni mtoto wa jicho; nitapasuliwa, lakini kwa sasa kila kitu nakiona kama kupitia chai ya rangi. Mpambaji asiyeona njano inaishia wapi ni Tajiri mwingine tu.

Wiki iliyopita Kabula alikuja na binti yake anayeolewa. Binti akakaa, akaniambia yeye ni maji ya kunde. Nikamuuliza ya kwanza au ya pili, akamtazama mama yake kwa mshangao. Nikainua chupa mbili kwenye dirisha. Kwangu zilikuwa moja.

Kabula alizichukua bila kuniuliza. Akamtoa mwanawe nje kama nifanyavyo mimi, nikamsikia akimwambia ageuze shingo, na asimuonyeshe uso kwanza. Wakakaa huko wakingoja ikauke.

"Ya pili," Kabula akaniambia aliporudi.

Nikamkabidhi mkoba wote, uwe wake. Akaniuliza kama nimeshazihesabu chupa zilizomo. Nikamwambia ahesabu yeye, jua bado lipo.