Mlango wa Buluu Kwenye Picha Zangu

Kosa ni langu, na nalisema mwanzo ili usije ukanihurumia mapema. Nimekaa na jambo hili tangu mafuriko ya pili, na sasa mawingu yameanza tena kujikusanya upande wa milima ya Uganda. Siwezi kunyamaza zaidi. Haki siwezi!

Mimi ni mwanamke wa Lodwar. Nina mtoto mmoja, Akiru, analelewa na mamangu. Baba yake tumwache hukohuko alikoenda.

Mafuriko ya kwanza yalipopita Kakuma yaliacha uchafu ambao sijawahi kuona. Matope, mabati yaliyojikunja, magodoro, mbuzi waliokufa, vyoo vilivyobomoka, na miiba ya mathenge imeshikana na kila kitu. Kampuni moja ikapewa kazi ya kuzoa, na mimi nikaajiriwa kuwa monita.

Monita habebi kitu. Kazi yake ni kuona. Unasimama lori likipakiwa, unapanda na dereva mpaka jaani, unaona mzigo ukimwagwa, unapiga picha kwa simu ya kazi, halafu unatia sahihi kwenye tiketi ya safari ile. Bila sahihi yako, safari haijafanyika.

"Nyinyi ndio macho yangu," injinia aliyetusimamia alituambia siku ya kwanza. Tukavaa reflekta zetu, zile fulana za kung'aa, tukajiona watu!

Jaa lenyewe lilikuwa shimo la zamani la murram, ule udongo wa kujengea barabara, mbali kabisa, karibu saa nzima ya kurushwarushwa barabarani. Injinia alitueleza kwa nini. Uchafu ukiachwa kwenye laga, ule mto wa mchanga unaojaa msimu wa mvua tu, maji yakija yataubeba na kuziba kalavati, ile mitungi ya saruji chini ya barabara. Maji yakikosa pa kupita, yatapita kwa watu. Nilimsikia na nikamwelewa. Sitakuja hapa kujifanya sikuelewa.

Nilipangiwa mtaa mmoja wa kambi ya wakimbizi, kando ya laga ndogo. Hapo ndipo nilipojuana na Nyandeng, mama wa kutoka Sudan Kusini aliyekuwa akiuza chai na mandazi mbele ya nyumba yake. Alikuwa akiishi na mama yake mzazi, mzee asiyeona, ambaye mtaa mzima ulimwita Haboba, yaani nyanya kwa Kiarabu chao. Haboba alikuwa anashinda mlangoni kwenye kigoda chake, mkono kwenye fimbo, akisikiliza dunia. Nilimfundisha salamu yetu. Nikisema "Ejok!" alikuwa anaitikia kwa sauti kubwa kuliko Mturkana yeyote, halafu anacheka mwenyewe.

Walinipenda wale watu, na mimi niliwapenda. Ndiyo maana inauma.

Sasa sikia nilivyoanza. Ilikuwa Ijumaa, jua linachoma mpaka unahisi harufu ya nywele zako. Wiki tatu nilikuwa sijamwona mtoto wangu. Asubuhi hiyo mamangu alikuwa amenipigia simu akisema Akiru sasa anamwita yeye mama. Alisema akicheka, lakini mimi sikucheka. Nilitaka kuwahi gari la saa nane la kwenda Lodwar, na lori ndiyo kwanza lilikuwa limepakiwa. Juu kabisa ya mzigo kulikuwa na mlango wa bati wa buluu, umechorwa birika jeupe. Bila shaka ulikuwa wa mkahawa wa mtu.

Ewoi, dereva wangu, aliniangalia nikitazama saa.

"Monita, tunaenda kujiua mpaka kule kwa nini? Si laga iko hapa tu?"

"Laga hairuhusiwi, Ewoi."

"Iko kavu! Tangu lini mchanga ikalalamika?"

Nikacheka. Mungu wangu, nikacheka! Tukazunguka juu kidogo ya mtaa, mahali laga inapopinda nyuma ya vichaka vya mathenge, akainua tipa akamwaga. Nikapiga picha kwa karibu sana, ule mlango ukajaza simu yote, usiweze kujua ni wapi. Nikapiga nyingine upande wa pili, na nyingine tena nikiwa nimechuchumaa. Nikatia sahihi. Saa nane nilikuwa nimeketi kwenye gari, na jioni Akiru alikuwa amelala kifuani pangu.

Nilijiambia ni mara moja. Lakini Jumatatu hakuna aliyeuliza kitu. Injinia alipokea picha, akagonga muhuri, akasema kazi nzuri. Basi wiki iliyofuata tukafanya tena, na zile picha nyingine za mlango wa buluu zikafanya kazi. Safari tofauti, tiketi tofauti, mlango uleule! Ajabu ni kwamba hakuna aliyeliona birika.

Baadaye sikupanda lori hata kidogo. Nilimsainia Ewoi tiketi za siku nzima asubuhi, nikakaa kwa Nyandeng nikinywa chai kwenye kivuli. Akienda wapi, akimwaga wapi, sikutaka kujua.

Aliyejua ni Haboba.

Siku moja alisema kitu kirefu kwa lugha yao, uso ameuelekeza barabarani. Nyandeng akanitafsiria huku akikanda unga.

"Mama anasema lori yako inarudi mbio sana siku hizi. Zamani anasikia inaenda, inaenda, mpaka inapotea. Sasa haipotei."

Nikajichekesha, nikasema, "Mwambie Haboba barabara imetengenezwa." Hakuna mtu aliyekuwa ameigusa ile barabara.

Haboba akauliza tena, tunamwaga wapi. Nikamjibu mwenyewe, "Mbali, Haboba. Mbali sana." Akatikisa kichwa polepole, na siku hiyo hakuniaga.

Ningekomea hapo pengine leo ningekuwa na la kujitetea. Lakini Nyandeng alikuwa na binamu yake aliyekuwa na nafasi kule juu, kwenye kiwanja kisichofikiwa na maji. Akaniomba ushauri, mimi, mtu wa reflekta.

"Dada, wewe ndio unajua hii kazi. Tuhame ama tukae? Mama hataki kutoka. Hapa miguu yake inajua njia, choo anaenda peke yake. Kule atakuwa kama mtoto. Lakini naogopa hii laga."

Neno moja tu lilihitajika. Hameni. Lakini angeniuliza kwa nini, na ningemwambia nini? Kwamba kwenye laga, juu kidogo ya nyumba yake, kuna mlima wa uchafu niliousainia kuwa haupo?

"Kaeni tu," nikasema. "Laga imesafishwa. Nimeona kwa macho yangu."

Kwa macho yangu! Haboba aligeuza uso akanielekea mimi, akakaa hivyo. Nikainua kikombe nikanywa, na chai ilikuwa imeisha.

Wakakaa.

Maji yalikuja mchana, anga likiwa jeupe, bila tone la mvua Kakuma nzima. Sisi watu wa Turkana tunalijua hilo. Mvua inanyesha milimani, na wewe unachomwa na jua huku kifo kiko njiani. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye foleni ya ofisi ya kampuni. Kwanza niliona mbuzi wanapanda kwenda juu, hakuna anayewachunga. Halafu ardhi ikaanza kunguruma. Mtu akapiga kelele kwamba kalavati limeziba, maji yamegeuka, yanaingia mtaani.

Sikuhitaji kuuliza limezibwa na nini.

Nilikimbia, nikafika kwenye maji ya kahawia yanayozunguka na magogo, nikashikwa na wanaume nisiingie. Upande wa pili nilimwona Nyandeng. Alikuwa ametoka sokoni, mfuko wa unga bado uko kichwani, anaita, "Mama! Mama!" Hakuutua ule mfuko. Sijui kwa nini ndicho ninachokiona kila nikifumba macho.

Alasiri maji yalishuka. Ukuta wa nyuma wa nyumba ulikuwa umelazwa na lundo la mathenge na mabati. Wanaume wakavuta miiba, wakavuta bati moja, wakavuta la pili. Kisha wakafikia mlango wa buluu, birika jeupe limetazama juu. Wakauinua, na Haboba alikuwa chini yake. Fimbo ilikuwa bado mkononi.

Mlango ule, kwa karatasi zangu, ulikuwa umezikwa murramuni zaidi ya mara moja.

Unajua Nyandeng alifanya nini? Alinikumbatia! Akasema, "Wewe ulijaribu, dada. Wewe ulisafisha." Siku ya mazishi akanikalisha na watu wa familia. Nikakaa. Nikapewa chakula nikala.

Kampuni ikaitwa tena kuzoa, na mimi nikapangiwa mtaa uleule. Nilipanda lori lililobeba mlango ule, na safari hiyo nilikwenda mpaka shimoni, nikaona ukianguka, nikaona ukifunikwa. Niliporudi nikavua reflekta nikaiacha kwenye kiti cha dereva.

Nilikwenda kwa injinia nikamweleza kila kitu. Alisikiliza akiwa ameshika kalamu, halafu akafunga mlango wa ofisi. "Ile ripoti ilishafungwa," akaniambia. "Mama yule alikufa kwa mafuriko. Usijichimbie shimo." Nikatoka.

Wiki iliyopita nilirudi Kakuma, nikaketi kwa Nyandeng, nikamwambia. Sasa yuko kule juu kwa binamu yake. Nilingoja anipige, anitukane, aite watu. Aliiacha chai ichemke mpaka ikamwagika kwenye moto. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu.

"Na ingine iko wapi?"

Nikasema sielewi.

"Lori haikuwa moja. Ingine yote, mlimwaga wapi? Huko chini bado kuna watu."

Jamani, sijui! Ewoi alishaondoka na kampuni, simu yake haipatikani. Tiketi zina sahihi yangu, zote zinasema murram. Nilitembea kando ya laga mpaka miguu ikavimba, nikapata malundo mawili, mchanga umeanza kuyafunika. Mengine sikuyapata. Nyandeng hajanifukuza, lakini haniiti dada tena.

Niko Lodwar sasa. Akiru ananiita mama, kama nilivyotaka. Jana nilikuwa kwenye kibanda cha chai si mbali na laga yetu, na msichana mmoja mwenye reflekta alikuwa ameketi hapo, simu mkononi. Lori lilipita limejaa miiba na mabati. Kabla chai yangu haijapoa lilikuwa limerudi, tupu.

Nikamuuliza linamwaga wapi. Akaniangalia, akatabasamu vizuri kabisa.

"Mbali, mama," akasema.

Nyinyi mnaoishi kando ya laga, Kakuma na hapa Lodwar, karatasi inasema pamesafishwa. Ya Kakuma ni mimi niliyeiandika, na nawaambia hapajasafishwa. Nendeni juu ya laga mkaangalie wenyewe, leo, kabla mawingu yale hayajashuka. Na mkisikia lori linaenda halipotei, ondoeni wazee wenu kwanza, mengine mtauliza mkiwa juu.