Kompyuta Ilivyomstaafisha Bosi

Ofisi yetu hapa Dodoma ilipopata kompyuta yake ya kwanza, mimi, kwa kozi ya wiki sita tu, nikawa mtaalamu. Asubuhi nilitoka mtaani kwangu Kikuyu kwenda kazini kifua mbele, utadhani mashine ile nimeiunda mwenyewe.

Ilikuwa enzi za kupunguza wafanyakazi. Bosi wetu, Mzee Jumaa, akaniagiza nichape barua za kustaafu kwa wote waliotimiza miaka hamsini na mitano. Nikatunga programu. Umri ulipotoka na desimali nikakereka, nikaiamuru ipandishe kila namba hadi namba nzima inayofuata. Basi mwenye miaka hamsini na minne na siku mbili akahesabiwa hamsini na mitano, nami sikung'amua. Mzee alitia saini rundo zima bila kusoma. Kompyuta haikosei, maneno hayo nilimfundisha mimi.

Kesho yake akaniita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Keti." Mezani palikuwa na barua moja, imefunguliwa. "Mwanangu, humu nimejishukuru kwa utumishi wangu uliotukuka. Nimejitakia mapumziko mema. Na saini ni yangu. Sasa niambie, ofisi namkabidhi nani?"